Mwaka Alioniacha Hawe

Krismasi iliyopita nyumba yetu ya Changamwe ilijaa hata watoto wakalazwa chini ya meza. Mjukuu wangu wa kwanza, ambaye kwa desturi yetu amebeba jina langu, alikuja na mchumba wake, binti wa Machakos aitwaye Mwende. Mke wangu Ruthi alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinuka. Alimtazama mgeni kuanzia nywele hadi viatu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Kumbe ni wewe unayeninyang'anya mume? Na vijiguu hivyo vya kunguru?" Mwende hakubabaika. "Shikamoo, Nyanya. Mume mwenyewe nimemkuta soksi zimetoboka. Ulikuwa ukimtunza au ukimtazama tu?" Nyumba nzima ikalipuka kwa vicheko, na Ruthi akacheka mpaka kifuu kikamtoka mkononi. Baadaye, tulipokuwa tunakula, mjukuu wetu mmoja mwenye masikio makali akauliza, "Nyanya, wewe hutania miguu, meno, mapishi, kila kitu. Mbona humwulizi mtu ametoka wapi? Nyanya za wenzetu wote huanza na hilo." Ruthi akaendelea kuchambua miiba ya samaki kwa ajili ya mtoto aliyempakata. "Mwulize babu yako," akasema. "Yeye ndiye aliyeachwa." Wote wakanigeukia. Nilisimulia kidogo, chakula kikapoa, nikaahidi kwamba nitaandika yaliyobaki.

Mwaka ninaousimulia, vita vilikuwa vimekwisha lakini unga wa manjano ulikuwa haujaisha. Tulikuwa tukisonga sima ya rangi ya yai, nzito, yenye harufu ya gunia, na tukiila kwa mchunga kwa sababu uchungu wa mboga ulifunika ladha ya unga. Wanaume waliorudi kutoka Burma walikuwa bado wakivaa makoti ya jeshi katika jua la adhuhuri ili tusisahau walikotoka. Mimi nilikuwa kibarua bandarini Kilindini. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipomfuata mama kaburini, na hayo sitayarudia hapa. Yatosha kusema kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na mkubwa ndiye anayetoka asubuhi. Kufikia mwaka huo tulikuwa sote watu wazima. Dada yangu Mbodze alisuka makuti na kuyauza, mdogo wetu Nyiro alijifunza ufundi wa baiskeli, na sote watatu tulipanga vyumba viwili hapa hapa Changamwe, katika nyumba ya udongo ya Bi Rehema, mwanamke wa Mvita aliyejaa maneno na huruma. Chumba kimoja kilikuwa cha Mbodze na vyungu, kingine changu na Nyiro na baiskeli za watu. Tulikuwa tukilala tumezungukwa na magurudumu.

Hawe, yaani bibi kwa lugha ya kwetu, mama yake baba yetu, alikuja kutoka Rabai juu ya lori la mkaa, ameshika kuku kwapani, na kinu chake kimefungwa kwa kamba pamoja na magunia. Alishuka akiwa mweusi wa vumbi la mkaa mpaka kwenye kope. "Nimekuja kuwatazama kwa juma moja," akasema. Jumapili iliyofuata tulimkuta nyuma ya bafu anapanda mnazi. Bi Rehema akashika kiuno. "Bi Mkubwa, mnazi wachukua miaka kuzaa, na wewe wasema wenda zako leo." Hawe akakanyaga udongo kuzunguka mche. "Kwani lazima madafu yake ninywe mimi?" Basi akakaa.

Kwa watu wa kwetu, majina hayafi. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la bibi mzaa baba. Anayefuata hupewa jina kutoka upande wa mama. Mimi niliitwa Tsuma kama marehemu babu, kwa hiyo kwa Hawe mimi nilikuwa mume. Mbodze alibeba jina la Hawe mwenyewe, kwa hiyo Hawe alimwita "Mimi." Nyiro alibeba jina la baba yake mama, kwa hiyo alikuwa mkwe mwenziwe, mtu wa kuheshimiwa. Utani huo uko katika kila nyumba ya kwetu, lakini Hawe aliutia nguvu zake zote. "Mimi!" angeita kutoka uani. "Abee," Mbodze angeitika. "Mimi nina kiu, niletee maji." Nyiro akipita na mikono ya grisi, Hawe angejifunika uso kwa leso kwa adabu ya uongo: "Mkwe wangu, niwie radhi, sikuwa nimejitanda." Na mimi nikiingia jioni nimechoka, mabega yamechubuliwa na magunia, nilipokewa kwa ugomvi. "Mulume wangu huyo amerudi. Mikono mitupu! Mume gani huyu asiyemkumbuka mkewe hata kwa ugoro wa kuwasha pua?" Alikuwa Mkristo wa kubatizwa tangu utoto, na ugoro aliuficha ndani ya kikopo cha dawa ili katekista asiuone. Katekista alijua. Kila mtu alijua, kwa chafya.

Siku hizi nikikumbuka chumba kile naona kwamba tulikuwa watu wanne tu tumezunguka sinia moja, lakini kwa namna Hawe alivyotuita, ukoo mzima ulikuwa umehudhuria. Alituletea watu ambao mimi nilikuwa nimeanza kuwasahau na Nyiro hakuwahi kuwajua. "Usile hivyo," angemwambia Nyiro. "Baba yako alikula hivyo hivyo, kama aliyesikia treni inapiga honi." Nyiro angeacha kutafuna. "Kweli, Hawe? Baba alikula hivi?" Na kuanzia hapo alikula mbio kwa makusudi. Mbodze aliambiwa kwamba mama yetu alikuwa hawezi kupika bila kuimba, na kwamba akinyamaza watu walijua chungu kimeungua. Mimi niliambiwa la vitumbua. Nilikuwa mdogo, mchungaji alikuwa anakuja kutembelea kijiji, Hawe amekaanga vitumbua na kuvifunika kwa kawa. Mchungaji alipoketi na kawa kufunuliwa, sahani ilikuwa tupu, na mimi nikasema ni paka, nina mafuta mpaka masikioni. Hawe aliisimulia habari hiyo karibu kila juma, na kila mara vitumbua viliongezeka. Sijui ni kwa nini tulicheka sana kila mara. Nadhani ni kwa sababu hatukuwa na mtu mwingine aliyetujua tukiwa wadogo.

Ruthi nilikutana naye siku za Pasaka, kwaya ya misheni ya Kisauni ilipokuja kuimba kanisani kwetu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alishika sauti ya pili bila kutazama kitabu. Mama Eseta, mshonaji aliyemlea, alisimama karibu yake kama ukuta. Nilianza kwenda Kisauni kila siku niliyokuwa sina kazi, kupitia Makupa, kukata kisiwa, na kuvuka lile daraja la Nyali lililokuwa likielea juu ya maji. Baada ya miezi kadhaa nilipeleka leso ya posa, Mama Eseta akaipokea, na ikawa sasa Ruthi aje Changamwe apate kuonwa.

Hawe alijitayarisha kwa siku hiyo kama askari. Alimchinja kuku wake wa Rabai. Bi Rehema alitoa mchele aliokuwa ameuficha tangu Ramadhani, na ukapikwa kwa tui zito, harufu ikafika barabarani. Ruthi aliingia uani na gauni alilolishona mwenyewe, akapiga goti. "Shikamoo, Bibi." Hawe hakuitikia. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, na macho yake yalikuwa yanacheka tayari. Akaanza. "Huyu ndiye mke mwenzangu? Mbona mwembamba, wamemlisha karatasi? Njoo nikuone. Umetoka wapi wewe? Una kwenu? Ukoo gani? Wewe ni wa nani hata uje kunichukulia mume?" Ndivyo kila bibi alivyomwambia kila mchumba, tangu kale. Na mchumba ajibu. Ajibu kwa ukali, kadiri anavyoweza, kwa maana jibu ndilo mlango wa kuingilia. Mbodze alikuwa ameshafungua mdomo ili acheke jibu litakapokuja.

Ruthi alibaki amepiga goti, anatazama mkeka. Kisha akasema polepole, bila ukali wowote, "Mimi si wa mtu, Bibi." Akainuka, akamshukuru Mbodze kwa maandalizi, akatoka. Nilimkimbilia mpaka njia ya reli. Hakulia na hakunikemea. Aliniomba tu nisimfuate, na aliniomba kwa namna ambayo isingewezekana kukataa. Nyuma yangu wali wa nazi ulikuwa unapoa, na Hawe anauliza, "Amekwenda wapi? Nimesema nini? Hayo ndiyo niliyoambiwa na mimi nilipofika kwa kina Tsuma. Bibi yake marehemu mume wangu aliniuliza kama nimeokotwa msituni, nikamwambia afadhali msitu kuliko meno yake!"

Ni Bi Rehema aliyemketisha. "Bi Mkubwa, wallahi umemchoma mwana wa watu. Hao wa misheni wa Kisauni, wazee wao walishushwa merikebuni, watoto wadogo, waliokuwa wakipelekwa kuuzwa. Bibi yake yule binti aliteremshwa hajui hata jina la kijiji chao. Wewe wamwuliza ana kwao? Wamwuliza ni wa nani? Watu hao wameulizwa neno hilo sokoni maisha yao yote, na hawakuulizwa kwa mzaha." Hawe aliyajua hayo. Kila mtu wa pwani aliyajua. Lakini maneno ya utani yalikuwa yamemzoea mdomoni kiasi kwamba alikuwa hayasikii tena yakisema nini. "Na jina lake," Bi Rehema akaongeza, "nani alimpa? Mchungaji alifungua kitabu." Hawe akatutazama mmoja mmoja, mume wake, mkwe wake, na Mimi, kama anayetuhesabu. "Hana bibi wa kumfundisha kutania," akasema. "Nimemtupia mpira mtoto asiye na mikono."

Katikati ya juma Nyiro alipeleka baiskeli ya mtu Kisauni akarudi na neno kutoka kwa Mama Eseta: leso itarudishwa, na tafadhali nisihangaike kuja. Niliendelea kwenda kazini. Nilibeba magunia, nilirudi, nilikula nilichopewa. Sikumlaumu Hawe, na hilo lilimwumiza kuliko lawama. Hakuniita mume siku zile. Aliniita Tsuma. Kikopo chake cha ugoro kilikaa juu ya dirisha bila kuguswa, na Mbodze alinong'ona kwamba afadhali zile chafya.

Jumapili Hawe akatoka amevaa gauni lake la kanisani, kichwani ana kapu. Ndani mlikuwa na nazi, muhogo, na lile sufuria dogo la chuma alilokaangia vitumbua. "Nivushe," akaniambia. Tulipata lori la mkaa hadi mjini, kisha tukatembea. Hawe hakuwa amewahi kuvuka daraja la Nyali. Alipoona kwamba halina miguu, linakaa tu juu ya maji kama jani, alisimama. Gari likapita na mbao zote zikainuka na kushuka. "Tsuma, hili linapumua!" Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akaanza kutembea huku akiimba wimbo wa mazishi, kwa sababu, alisema, tukizama uwe umeshaimbwa. "Tumefika?" "Bado, Hawe." "Yule Tsuma wa kwanza hakunivusha hata kijito." "Sasa tumefika." Akafumbua jicho moja. "Mwongo wewe," akasema, kwa kuwa tulikuwa katikati. Nilifurahi mno kutukanwa.

Mama Eseta alitukaribisha kwa neno tu. Uso wake haukutukaribisha. Hawe hakukubali kiti wala kuingia ndani. Aliketi chini uani, kwenye mchanga, akaweka kapu pembeni. Ruthi alitoka akasimama kizingitini. "Mwanangu," Hawe akasema, "nilikuuliza swali baya. Nilikuuliza wewe ni wa nani. Nimekuja kulijibu mwenyewe, maana aliyeliuliza ni mimi. Ukinikubali, wewe ni wangu. Si kwa sababu ya huyu," akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ukimtaka mtake, usipomtaka umwache, kazi yako. Mimi nimekuja kwa ajili yangu na wewe. Mtu hawezi kukaa duniani bila bibi wa kumtukana."

Ruthi alishuka kizingitini akaketi karibu na kapu. "Sijui kutania, Bibi," akasema. "Utajifunza," Hawe akajibu, na akaanza kuimenya mihogo pale pale, kama mtu aliye kwake. Jua lilipoanza kushuka nikamwambia twende zetu. Hawe akanitazama kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuniona. "Twende na nani? Wewe nenda. Mimi nabaki na mjukuu wangu. Nimekuacha, Tsuma. Mbele ya mashahidi. Mama Eseta, umesikia? Nimemwacha huyu." Na ndipo nilipouona uso wa Mama Eseta ukibadilika, pembe za mdomo kwanza, akageuka haraka akaingia jikoni.

Alikaa Kisauni wiki nyingi. Changamwe nyumba ikawa kimya, baiskeli zikaonekana kuwa nyingi zaidi, na Mbodze, akipika, aliita "Mimi!" kisha akajicheka mwenyewe. Mimi niliachwa kweli. Sikujua kama Ruthi ananitaka. Nikienda kuwasalimu, Hawe alinipokea barazani kama mgeni, akaniuliza hali ya mvua, na Ruthi akapita na nguo za kushona, ananitazama kwa namna mpya, kama anayezuia kitu kinywani. Mara moja nilipokuwa naondoka aliniita. "Tsuma." "Naam." "Paka wenu wa Rabai, mpaka leo anakula vitumbua?" Akaingia ndani mbio. Nilivuka daraja lile nikikimbia kama mtoto. Nilipomsimulia Nyiro akatupa spana juu akaidaka. "Amekubali!" akasema. "Kaka, mwanamke hamsingizii paka wa mtu asiyemtaka."

Siku ya harusi tulikwenda kumchukua bibi arusi kabla ya kengele ya kanisa. Nilikuwa nimevaa koti la kuazima kutoka kwa askari mmoja wa Burma, Mbodze na Bi Rehema wanapiga vigelegele tangu darajani. Mlango wa Mama Eseta ulikuwa umefungwa kwa leso, imeshikwa huku na huku na wanawake wawili wa misheni, na mbele yake, kitini, ameketi aliyekuwa mke wangu.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Ni mimi, Hawe. Tsuma."

"Hawe yako nani? Mimi nina mjukuu mmoja hapa, yuko ndani anavaa. Wewe nakujua kidogo. Niliwahi kukuacha."

Mbodze akajitokeza, mikono kiunoni. "Mimi ni wewe. Mimi nimekubali apite. Basi na wewe umekubali!"

"Mimi wa Changamwe amekubali," Hawe akasema. "Mimi wa Kisauni bado."

Nyiro akajaribu kwa adabu ya ukwe. Hawe akajifunika uso kwa leso kama ilivyompasa, lakini kiti hakikusogea hata kidogo. Nikatoa nilichokuja nacho kwa kufungulia mlango, kikopo kipya, kikubwa, cha ugoro. Akakifungua, akanusa, akakitia kifuani. Kisha akaacha kucheka. "Sasa nijibu," akasema, kwa sauti ya kuwafikia watu wote wa misheni waliokuwa wamejaa uani. "Umetoka wapi wewe? Una kwenu? Wewe ni wa nani hata uje kunichukulia mtoto?"

Vicheko vilikatika. Hapakuwa na mtu pale asiyeyajua maneno yale, na sasa yalikuwa yameniangukia mimi. Nilikuwa na majibu tayari. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima na Nyiro, kuhusu meno yake na umri wake. Lakini nilisimama mbele ya mlango wa watu na koti lisilo langu, nikahisi namna inavyokuwa kusimama pale bila mtu wa kusema ndiyo, tunamjua.

Ndipo sauti ya Ruthi ikatoka ndani, ile iliyokuwa ikishika sauti ya pili, safari hii ikiwa peke yake na juu ya wote. "Hawe, we kikongwe, mpishe huyo! Namjua. Ni yule mwizi wa vitumbua. Ni wa kwetu."

Wale wanawake wawili waliiachia leso kabla ya kuambiwa. Hawe aliinuka akiegemea bega langu, mzito, ananuka ugoro na mafuta ya nazi. "Kikongwe," akanong'ona sikioni mwangu, machozi yanamtoka kwa furaha. "Umesikia alivyoniita?"